Nathari ya Kiingereza kati ya Kingo Mbili za Songwe

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mwandishi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa, na ya pili ni Kiswahili, awezavyo kuipata nathari nzuri ya Kiingereza. Neno nathari nalitumia kwa maana ya maandishi ya mjazo yasiyo ya ushairi. Mtindo mzuri nao nauchukua kwa maana nyembamba: ule upangaji wa maneno umwezeshao msomaji kuipata fikira ya mwandishi kwa kusoma mara moja, asirudi nyuma wala asichoke. Maana hii haigusi madoido, nami nimeiacha hivyo kwa kusudi, kwa kuwa madoido ndiyo yaliyowapoteza wengi.

Husemwa mara kwa mara, hata na watu wenye elimu, ya kwamba mwanafunzi wa Kyela huandika Kiingereza kigumu kwa sababu lugha ya mama humrudisha nyuma. Kusahihisha insha za wanafunzi wa namna hiyo wafikao chuo kikuu kumenipeleka kwenye rai nyingine. Makosa ya sarufi yatokayo katika lugha ya mama yapo, lakini ni machache na hurekebishika upesi. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ya mwandishi aliyeacha nyuma kila alichokijua juu ya kusimulia, kueleza na kushindana kwa hoja, akaingia katika Kiingereza mikono mitupu. Basi hoja yangu ni kwamba nathari nzuri ya Kiingereza, kwa mtu huyu, hujengwa kwa mazoea ya lugha alizo nazo tayari, mradi ayatambue na ajue mahali yanapokoma.

Mto Songwe ndipo mahali pafaapo kuanzia. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufanya mto huu kuwa mpaka pale uingiapo Ziwa Nyasa, na mpaka huo umebaki hata leo, Wilaya ya Kyela ikiwa upande wa Tanzania na Karonga upande wa Malawi. Mto wenyewe haukutia sahihi mapatano hayo: katika tambarare karibu na ziwa hubadili njia yake wakati wa mafuriko, na shamba la mpunga lililokuwa ng'ambo hii likaonekana ng'ambo ya pili. Wanyakyusa wa kaskazini na Wangonde wa kusini husikilizana bila mkalimani, na wanaisimu wengi huzihesabu semi zao kuwa lugha moja. Kilichowatenga ni shule. Upande wa kusini ilienea kazi ya misheni ya Livingstonia ya Waskoti, ambayo kuanzia mwaka 1894 Dk. Robert Laws aliisimamisha huko Khondowe juu ya ziwa; huko mwanafunzi mwenye akili alipandishwa kwa Kiingereza tangu mapema. Upande wa kaskazini walifika Wamoravi na watu wa misheni ya Berlin mwaka 1891, akina Theodor Meyer na Alexander Merensky. Hao walihubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa, na baadaye serikali, ya Kijerumani kisha ya Kiingereza, ikaleta Kiswahili. Baada ya uhuru pande zote mbili zilikaza njia zao. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, Kiingereza kikabaki kuanzia kidato cha kwanza. Malawi ilitangaza Chichewa kuwa lugha ya taifa mwaka 1968, hata Chitumbuka kikanyamazishwa redioni kwa miaka mingi.

Matokeo yake yanafanana kuliko tungelivyodhani. Mtoto wa Kyela na mtoto wa Karonga wote wawili hukifikia Kiingereza kwa kupitia lugha nyingine isiyo ya nyumbani, na kwa kawaida hakuna kati yao aliyepata kuambiwa na mwalimu aandike ukurasa mzima, kwa utaratibu, katika lugha aliyolelewa nayo.

Hata hivyo upande wa kusini ulitoa mwandishi ambaye mfano wake wafaa kutazamwa kwa kituo. Legson Kayira alizaliwa katika kijiji cha Mpale, kilichohesabiwa wakati ule katika Wilaya ya Karonga, akasoma Livingstonia. Simchagui kwa kabila lake, bali kwa vitabu alivyovibeba. Mwezi wa Oktoba 1958, akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita, aliondoka kwao kwa miguu kwa nia ya kwenda Marekani kusoma. Aliivuka Tanganyika mpaka Mwanza, akafika Kampala, akaendelea mpaka Khartoum mwaka 1960, na huko akapata msaada wa kumfikisha chuo cha Skagit Valley katika jimbo la Washington. Katika mzigo wake mdogo mlikuwamo vitabu viwili: Biblia, na masimulizi ya John Bunyan ya mwaka 1678 juu ya Mkristo asafiriye kuelekea Mji wa Mbinguni. Kitabu chake mwenyewe, “I Will Try”, kilitoka mwaka 1965, na riwaya yake ya kwanza, “The Looming Shadow”, ikafuata karibu miaka miwili baadaye.

Wasifu wa Kayira umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, nao ni ushujaa kweli. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha swali ni jingine: kwa nini Kiingereza chake ni chepesi hivi? Riwaya ile yahusu ugomvi wa watu wawili wa kijiji kimoja na tuhuma za uchawi, jambo ambalo mwandishi dhaifu angelifunika kwa maneno ya kitaalamu. Kayira hulisema kwa sentensi fupi, kwa mazungumzo, na kwa vitenzi vya kila siku. Nadhani jibu limo katika mzigo ule. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya bati, hakuingia chuo chochote, na Kiingereza chake alikipata katika maongezi ya watu wake na katika Biblia. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, nayo, yategemea sana kazi ya William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilipigwa chapa mwaka 1526, na ambaye alipenda maneno mafupi ya wakulima kuliko maneno ya Kilatini ya makasisi. Tena Agano la Kale lilitoka katika Kiebrania, lugha isimuliayo kwa kufunga tendo baada ya tendo kwa kiungo kimoja kifupi, na watafsiri wa Kiingereza waliufuata mwendo huo kwa uaminifu, wakiandika “and” baada ya “and”.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa mwandishi wa Kibantu. Mwendo huo ni wake tangu zamani. Kiswahili husema: alikwenda, akaona, akarudi, wakati hutajwa mara moja, kisha -ka- huubeba mbele. Kinyakyusa kina umbo la kazi hiyo hiyo, lenye -linku-, kama katika “alinkuti”, yaani “akasema”, na Bastian Persohn amelieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya kitenzi cha Kinyakyusa. Hivyo msomaji aliyelelewa kando ya ziwa, akifungua Biblia ya Kiingereza au Bunyan, hukuta masimulizi yenye mapigo aliyokwisha kuyazoea. Isabel Hofmeyr, katika utafiti alioutoa mwaka 2004, alionyesha kwamba kitabu cha Bunyan kilitafsiriwa katika lugha zipatazo 80 za Afrika. Sababu za misheni zilikuwapo, bila shaka; lakini yaonekana na umbile la nathari yenyewe lilisaidia kukiingiza.

Mazoea haya yana mahali pa kukomea. Hebu tuchukue sentensi moja ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote wa Matema angeweza kuisema:

“Mvuvi aliamka alfajiri, akashuka ufukweni, akakuta mtumbwi wake umechukuliwa na maji, akarudi nyumbani asiseme neno.”

Sentensi hii haina kasoro. Matendo yamefuatana, na msikilizaji hutambua mwenyewe kwamba lililo kuu ni lile la kukuta mtumbwi umekwenda. Mwanafunzi akiihamisha neno kwa neno, atapata Kiingereza chenye “and then” mara tatu, na kila tendo litakuwa na uzito ule ule. Masikio ya Kiingereza cha leo hayachukui -ka- ya kujificha. Kila “and then” hulia kama kengele. Mwandishi analazimika kuamua lipi ni kuu na yapi ni ya kulitumikia, na uamuzi huo aliuachia sauti na mahali pa kituo katika Kiswahili. Akiamua, aweza kuandika hivi: “Coming down to the beach at dawn, the fisherman found that the water had taken his canoe. He went home and said nothing.”

Mambo matatu yametendeka. Kuamka kumemezwa na neno la alfajiri, maana ashukaye ufukweni alfajiri hakosi kuwa ameamka. Kushuka kumefanywa mtumishi wa kukuta. Na lile “asiseme neno”, ambalo katika Kiswahili hupata nguvu zake kwa kukana ghafla mwishoni mwa mnyororo, limepewa sentensi yake fupi. Kwa hiyo tofauti ya nathari ya lugha hizi mbili si kwamba moja ina mantiki na nyingine haina, kama walivyoandika baadhi ya wakaguzi wa shule wa zamani. Kiswahili kilikuwa na daraja ya matendo yale tangu mwanzo. Kiingereza hutaka daraja hiyo ionekane katika maungo ya sentensi. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hufahamu kwa siku moja jambo ambalo amri ya “usitumie ‘and then’” haikumfahamisha kwa miaka minne.

Jambo la pili ni mpangilio wa habari ya zamani na habari mpya. Kila msemaji wa Kiswahili ahisi tofauti ya “mgeni amekuja” na “amekuja mgeni”. Katika tungo ya kwanza tulikuwa tukimngojea mgeni, na habari ni kuja kwake. Katika ya pili kuja ndiko kunakotangulia, na mgeni ndiye habari. Mpangilio wa maneno umefanya kazi yote. Kiingereza hakina uhuru huo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa kimeipa vile vineno viwili vidogo, “the” na “a”: “The visitor has come”, “A visitor has come”. Twafundisha vineno hivi kama orodha ya kanuni, tena zenye mkia mrefu wa mambo yasiyofuata kanuni. Afadhali tungevifundisha kama ishara kwa msomaji: hiki wakijua, hiki ndipo nakuletea. Mwanafunzi wa Kyela hujua tayari kumpa msikilizaji ishara hiyo. Hajui tu kwamba Kiingereza huitolea mahali pengine. (Kinyakyusa kina irabu ya mbele ya majina, kama u- katika “umundu”, mtu, ambayo Kiswahili hakina. Wengine wamejaribiwa kuifananisha na “the”. Kazi zake ni nyingine kwa sehemu kubwa, na ufananisho huo umeleta madhara kuliko faida.)

Kutoka hapo twaweza kuelewa suala la kauli ya kutendwa, ambalo limepigiwa kelele nyingi. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliwaasa waandishi wasiitumie kauli ya kutendwa pale ambapo ya kutenda yawezekana. Vitabu vya shule vimelichukua onyo hilo vikaligeuza sheria. Orwell alikuwa na maadui wake, yaani maofisa na wanasiasa waliojificha nyuma ya matendo yasiyo na mtendaji, na katika vita hivyo alikuwa na haki. Lakini tazama Kiswahili: “Mtumbwi ameuchukua jirani.” Tunazungumza habari za mtumbwi, nao umetangulizwa, jirani ndiye habari, naye amekaa mwisho. Kiingereza hakiwezi kuitanguliza shamirisho kwa urahisi hivyo, na chombo chake cha kufanya kazi hiyo ni kauli ya kutendwa: “The canoe was taken by a neighbour.” Mwalimu anayeikata kwa wino mwekundu na kuweka “A neighbour took the canoe” ameibadili habari. Amejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Naona ya kuwa mwanafunzi wa Kibantu, kwa kuwa ana sikio la mpangilio huu, mara nyingine huitumia kauli ya kutendwa vizuri kuliko sheria aliyofundishwa.

La tatu ni upatanisho wa ngeli, na hapa lugha zetu humdekeza mwandishi kiasi cha kumharibu. Wanawake Wakisi wa mwambao wa Ikombe ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao huuzwa huko Matema. Tuseme jiwe limeangukia chungu kimoja. “Jiwe liliangukia chungu, kikavunjika”: ki- imesema wazi kilichovunjika. Lingekuwa jiwe, tungesema “likavunjika”. Mwandishi wa Kinyakyusa au Kiswahili aweza kuwa na vitu vitatu au vinne katika sentensi moja, na kila kimoja kikaitikia jina lake mbali na mahali kilipotajwa. Katika Kiingereza vyote vinne huwa “it”. Sentensi yake huwa kama chumba chenye watu wanne walioitwa jina moja. “The stone fell on the pot and it broke” yavumilika kwa sababu kila mtu ajua tabia ya mawe na vyungu. Lakini weka mahali pake kanuni na sheria, au mapato na matumizi, na msomaji amepotea. Dawa ni kubadili muundo: “The stone fell on the pot and broke it.” Jiwe limefanywa mtendaji, na “it” imebaki na njia moja tu. Nimeona insha za uchumi zenye fikira nzuri kabisa zikipewa alama za chini kwa sababu hii peke yake, na aliyesahihisha akaandika pembeni kwamba mwandishi “hana mantiki”. Mantiki ilikuwapo, ilitegemea viambishi ambavyo Kiingereza hakinavyo.

Sasa nije kwenye msamiati, ambako ndiko madoido huzaliwa. Kiingereza kina matabaka mawili makubwa ya maneno: yale mafupi ya asili ya Kisaksoni, na yale marefu yaliyoingia kwa Kilatini na Kifaransa. “Begin” na “commence” zina maana moja katika kamusi, lakini hazivai nguo moja. Sir Ernest Gowers aliandika “Plain Words” mwaka 1948 kuwaonya maofisa wa serikali ya Uingereza, watu waliozaliwa na lugha hiyo, waache kuandika la pili pale ambapo la kwanza latosha. Kwetu pia mambo ni hivyo. Msemaji wa Kiswahili ajua kwamba kufa na kufariki si sawa, wala kuanza na kuasisi; ajua ni nani wa kuambiwa lipi na wakati gani. Hisia hiyo ya matabaka ndiyo inayotakiwa katika Kiingereza, na yaweza kuamshwa kwa kulinganisha.

Lakini lazima tukiri tofauti ya Kyela na pwani. Mtoto wa Unguja hupata maneno ya Kiarabu na ya Kibantu jikoni, msikitini na sokoni, kila moja likiwa na harufu ya mahali pake. Vizazi vingi vya kando ya Ziwa Nyasa vilipata Kiswahili kutoka kwa mwalimu, karani na mhubiri, na kwa hiyo kilikuja tayari kimevaa rasmi. Siku hizi Kiswahili kimejaa katika masoko ya Kyela mjini na Ipinda, mchele na kakao huuzwa kwacho, na hali yabadilika. Hata hivyo tabia ya kuiona lugha ya pili kama lugha ya heshima imekaa, na Kiingereza, kilichokuja juu yake, kikawa heshima juu ya heshima. Ndiyo sababu barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili huandikwa kwa maneno yafaayo kutangaza vita. Mwandishi hajivuni, anatii. Amejifunza kwamba lugha ya ofisi hutaka unyenyekevu wa maneno marefu, na hakuna aliyemwonyesha Kiingereza cha mtu mkubwa asemaye kwa urahisi.

Mfano wa kumwonyesha upo, tena wa karibu. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa mwaka 1962 kwa Kiingereza ambacho karani yeyote angekielewa. Hakukosa maneno mazito, kwani alizitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar mwaka 1963 na ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na mwenye kufanya kazi hiyo amepima kila tabaka la maneno ya Kiingereza. Aliyaweka mahali pake. Shaaban Robert naye, katika “Kielezo cha Insha” cha mwaka 1954, alitaka kuwaonyesha vijana jinsi insha ya Kiswahili ijengwavyo. Waalimu wa Kiingereza wangefanya vema kukitumia kitabu hicho, ingawa hakikuandikwa kwa ajili yao.

Kinyakyusa chenyewe kina mafundisho ya mtindo ambayo hayajatumika. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na Wangonde kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, “Good Company”, kimepata jina lake kutokana na neno “ukwangala”, maongezi na ushirika mwema wa watu wa rika moja. Katika vijiji vya marika, ambavyo leo vimekwisha, vijana waliondoka kwenye nyumba za wazazi wakajenga pamoja, wakala pamoja na kuzungumza pamoja. Wazee waliamini ya kuwa “amahala”, yaani akili na busara, hupatikana katika mazungumzo hayo. Kwa nadharia ya nathari fikira hii ina thamani kubwa. Mazungumzo ya walio sawa hayaruhusu mtu kujificha nyuma ya cheo wala nyuma ya neno gumu, kwa sababu mwenzako atakuuliza papo hapo wamaanisha nini. Nathari ya maelezo ni maongezi ya namna hiyo ambayo mmoja wa wazungumzaji hayupo, na mwandishi hana budi kuyasikia maswali yake mwenyewe kabla hayajaulizwa. Insha nyingi za shule, kwa bahati mbaya, zimeandikwa kama hotuba ya mtoto mbele ya mkubwa wake.

Kuna desturi nyingine, ya “ingamwana”, ambayo Stefanie Kolbusa aliichunguza katika utafiti wake wa mwaka 2000. Mke wa Kinyakyusa, kwa heshima ya baba mkwe, alipaswa kumwepuka, tena aepuke hata maneno yanayofanana kwa sauti na jina lake. Neno la kawaida la chakula au chombo likigongana na jina hilo, alitafuta jingine: kisawe, fumbo, neno la kukopa, au maelezo ya kuzunguka. Sitaki kuipamba desturi iliyokuwa mzigo kwa wanawake. Nasema tu kwamba mtu aliyeendesha shughuli za siku nzima kwa namna hiyo bila kueleweka vibaya alikuwa na mazoezi ya uchaguzi wa maneno ambayo darasa zetu haziyatoi, na kwamba mabinti na wajukuu wake waliokaa naye jikoni walisikia lugha ikipimwa kila saa. Kumwambia mjukuu huyo aeleze jambo kwa Kiingereza bila kutumia neno fulani ni kumrudisha kwenye mchezo wa nyumbani.

Nisieleweke vibaya kwamba nadai shule zifundishe Kiingereza kwa Kinyakyusa. Dai langu ni dogo zaidi na, naamini, latekelezeka. Mwanafunzi afikapo kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha ya jiografia, historia na sayansi kwa mara moja. Kiswahili hubaki kama somo, na insha zake huendelea, lakini aghalabu ni insha za methali, za barua na za hotuba. Ile nathari ya kueleza, isemayo kwa nini mto huhama au jinsi kakao ichachushwavyo kabla ya kuanikwa, hukatika katika Kiswahili kabla haijakomaa, nayo ndiyo ambayo Kiingereza huanza kumdai kesho yake. Anatakiwa ajifunze kueleza na ajifunze Kiingereza kwa wakati mmoja, na akishindwa la kwanza tunaandika kwamba ameshindwa la pili. Kama maelezo yale yale angeyaandika kwanza kwa Kiswahili, kisha akayaandika upya kwa Kiingereza pasipo kutafsiri neno kwa neno, mwalimu angejua mara moja kasoro iko wapi.

Matini za kufanyia kazi hiyo hazikosekani. Akina Wilson waliandika maelezo ya Wanyakyusa kwa maneno yao wenyewe, kwa Kinyakyusa, wakisaidiwa na wasaidizi wenyeji ambao mashuhuri wao alikuwa Leonard Mwaisumo, na sehemu kubwa ya vitabu vya Monica Wilson ni maelezo hayo yaliyohamishiwa katika Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza cha vitabu hivyo, hasa katika kurasa zinazoripoti maneno ya wazee, ni Kiingereza kilichokwisha kukutana na Kinyakyusa uso kwa uso: kifupi, cha vitenzi, chenye kumheshimu msemaji. Karatasi zao zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Mtafiti mmoja mwenye Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza angeweza kuchagua humo matini thelathini, akaweka asili upande wa kushoto na Kiingereza cha Wilson upande wa kulia, akaongeza Kiswahili chake katikati, na maelezo mafupi chini ya ukurasa juu ya kila mahali ambapo mnyororo wa vitenzi umekatwa, habari mpya imehamishwa, au kiambishi cha ngeli kimegeuzwa jina. Kitabu hicho kingetumika Kyela na Karonga pia, na hakingehitaji kubadilishwa neno lolote kwa kuvuka mto.